Kilo Kumi na Mbili Zimerudi, na Mume Asema Pesa Zimepotea

SWALI: Shikamoo Bi Muuguzi. Nina miaka 44, nauza leso na madera Mtaa wa Biashara. Miaka sita iliyopita nilifanyiwa upasuaji wa kupunguza unene nje ya nchi, ule wa kukata sehemu kubwa ya tumbo na kubakisha mrija mwembamba. Nilikuwa na kilo 128. Baada ya mwaka na nusu nikafika 79, watu wananipita njiani hawanijui. Sasa mizani yasema 91. Mume wangu aliuza kiwanja chake cha Mtwapa ili nitibiwe, na siku hizi husema mbele ya watoto kwamba kiwanja kimerudi kiunoni mwangu. Harusini siendi tena.

Wallahi nakula kidogo kuliko mtu yeyote nyumbani. Wali simalizi kisahani, nyama na samaki hunikwama. Jioni nikifunga duka hununua kaimati, nikapata na chai ya maziwa, basi. Kiungulia hakinipi usingizi, nalalia mito miwili na dawa najinunulia. Vitamini niliziacha baada ya mwaka wa pili kwa kuwa nilijiona mzima. Jambo jingine, si muhimu: nyayo hunifa ganzi, na natafuna barafu mchana kutwa, hata udongo wa odowa nimeanza kula. Shoga yangu aniambia kuna sindano za kupunguza mwili zinauzwa. Nichome? Au nikakatwe tena?
Niliyerudi Nyuma, Likoni

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mume nitamfikia. Kwanza turudi pale ulipoandika "si muhimu", kwa sababu katika barua yako yote hapo ndipo penye haraka.

Mtu anayetafuna barafu kutwa kisha akaongeza odowa, mara nyingi mwili wake umepungukiwa madini ya chuma. Nilipokuwa wodi ya wazazi tulikuwa tukimwona mjamzito ana bilauri ya barafu mkononi, tunampeleka maabara kabla hajakaa. Kwako wewe sababu si za kutafuta. Chuma huhitaji asidi ya tumbo ili mwili ukifyonze vizuri, na upasuaji kama wako huondoa yapata robo tatu ya tumbo au zaidi. Asidi kidogo iliyobaki waizima kwa dawa za kiungulia. Chai nayo hukizuia chuma kisifyonzwe, na udongo vilevile. Na kwa umri wako, kama bado wapata siku zako, kila mwezi damu inatoka na hakuna kinachoijaza.

Ganzi ya nyayo ndiyo inayonitia hofu zaidi. Mishipa ya fahamu yahitaji vitamini B12, na ini hujiwekea akiba yake ya miaka kadhaa. Ulipoziacha vitamini ukajiona mzima kwa sababu ulikuwa ukiishi kwa akiba hiyo. Upungufu wa chuma hutibika vizuri hata ukichelewa kidogo, lakini mshipa wa fahamu uliokaa muda mrefu bila B12 huenda usirudi ulivyokuwa. Kwa hivyo wiki hii hii, si mwisho wa mwezi, vuka feri uende hospitali yenye daktari wa magonjwa ya ndani. Mwambie hivi: "Nilikatwa tumbo miaka sita iliyopita, vitamini niliacha, nyayo zinakufa ganzi." Aandike vipimo vya wingi wa damu, feritini, B12, foleti, vitamini D, kalsiamu, sukari, figo na ini. Feritini usikubali iachwe. Ndiyo inayoonyesha akiba ya chuma, na akiba yaweza kuwa imekwisha huku wingi wa damu bado unasomeka vizuri. Usikimbilie kumeza B12 leo usiku ili ukapimwe kesho, utamchanganya daktari. Huenda ukachomwa B12 kwa sindano, na chuma ukatiwa kwa dripu kama vidonge havifyonzwi. Ukipewa vidonge vya chuma, usivinywe na chai wala maziwa, na kalsiamu iache ipite angalau saa mbili mbali navyo.

Vitamini baada ya upasuaji huu ni za maisha yote, mwanangu. Najua zina gharama, na najua hakuna aliyekukumbusha, maana waliokupasua wako ng'ambo na simu yao ilikuwa ya kuuliza kama kidonda kimepona. Kalsiamu peke yake hutakiwa kati ya miligramu 1,200 na 1,500 kwa siku, chakula na vidonge pamoja, kwa sababu mifupa hupungua baada ya upasuaji na wewe waelekea umri ambao mifupa ya mwanamke hupungua hata bila kupasuliwa. Jua la Mombasa lipo tele, lakini wewe kutwa uko dukani, na ukitoka umo ndani ya buibui. Vitamini D haiingii kwa kulitazama.

Haya, mizani. Toa 91 katika 128, utaona bado umepungua kilo 37, karibu asilimia 29 ya uzito wako wa mwanzo. Marekani waliwafuatilia makumi ya maelfu ya waliopasuliwa, na wale wa upasuaji kama wako walikuwa wamepungua wastani wa asilimia 25 mwaka wa kwanza, ikabaki karibu 19 ilipofika miaka mitano. Wewe mwaka wa sita una 29. Hesabu hiyo mwonyeshe mwenye kiwanja.

Kufika chini kabisa ndani ya mwaka wa kwanza au wa pili kisha kupanda kidogo ndiyo safari ya watu wengi. Mwili uliopungua hutumia nguvu kidogo kuliko zamani, hata ukiwa umelala. Sehemu ya tumbo iliyokatwa ndiyo iliyokuwa ikitoa kwa wingi homoni ya njaa iitwayo ghrelini, ndiyo maana mwaka wa kwanza chakula kilikuwa hakikuiti. Baadaye hamu hurudi polepole, na mrija nao hutanuka kiasi. Waswidi walianza mwaka 1987 utafiti wa watu zaidi ya 2,000 waliopasuliwa na wengine karibu idadi hiyo hiyo, wanene vilevile, ambao hawakupasuliwa. Miaka mingi baadaye waliopasuliwa walikutwa wameishi takriban miaka mitatu zaidi ya wenzao. Bado hawakuwafikia watu wa kawaida, walipungukiwa na kama miaka mitano na nusu. Na wengi wao walifanyiwa upasuaji wa mtindo wa zamani ambao siku hizi haufanywi sana. Nakwambia yote mawili kwa sababu wauzaji wa safari za matibabu hukutajia la kwanza tu.

Umesema unakula kidogo. Naamini. Lakini hebu tuone kinachopita. Kaimati ni unga uliokaangwa ukaloweshwa shira. Ukiiuma na chai huyeyuka, huteleza ndani ya mrija, na baada ya nusu saa tumbo liko tupu linaomba nyingine. Unaweza kula sahani nzima na usijue umekula. Samaki hukaa, akakushibisha, na ndiye unayemkimbia kwa kuwa hukwama. Hukwama kwa nini? Wewe ni mwenye duka, nadhani unakula umesimama, mteja anakuuliza bei ya leso. Jaribu hivi. Kipande cha nguru wa kupaka, upana wa kiganja chako bila vidole, chenye rojo lake, si mkavu wa kukaanga. Kimegue vipande vidogo kama punje ya mbaazi. Kimoja mdomoni, utafune mpaka kiwe uji, kijiko kiko chini. Samaki mwanzo, mchicha au kisamvu baadaye, wali mwisho kama nafasi ipo. Maji usinywe wakati huo, subiri nusu saa. Kipande hicho chakupa kama gramu 20 za protini, nawe unahitaji angalau 60 kwa siku, kwa hivyo asubuhi yai, mchana samaki, jioni mbaazi au maziwa lala badala ya ile sahani ya kaimati. (Harusini ukila mbili sitakufuata.) Ikiwa hata chakula laini kinakwama au unatapika, hiyo si tabia ya kula tena, mrija waweza kuwa umebana, mwambie daktari. Na anayetapika mara kwa mara lazima apewe vitamini B1 mapema, kwa ajili ya mishipa hiyo hiyo ya fahamu.

Kiungulia chajulikana sana kwa upasuaji wako. Wafini walilinganisha aina mbili za upasuaji, na baada ya miaka kumi karibu asilimia 31 ya wenye mrija walikutwa umio umechubuka kwa asidi, dhidi ya 7 kwa waliofanyiwa baipasi, ule wa kubakisha kifuko kidogo cha tumbo na kukiunganisha na utumbo. Kujinunulia dawa miaka na miaka bila kupigwa kamera ya tumbo si sawa. Omba kamera. Huko kukatwa tena unakouliza, kukifanywa kwa sababu ya umio ulioharibika kuna maana, wapo wanaobadilishwa kuwa baipasi wakapata nafuu. Kwa kilo kumi na mbili, hapana. Upasuaji wa pili una hatari kuliko wa kwanza.

Sindano hizo za kupunguza mwili, za kina semaglutidi, ni dawa za kweli, na madaktari huwapa hata waliopasuliwa ambao uzito umerudi. Lakini kichefuchefu na kutapika ndiyo madhara yake ya kila siku, na mtu asiye na B12 wala chuma, anayekwamwa na chakula, hawezi kuanzia hapo. Ukiacha kuchoma, sehemu kubwa ya uzito hurudi. Na sindano anayouza mtu kwa simu, imekaa nje ya friji tangu uwanja wa ndege, usiiguse.

Kuhusu mume. Mwambie akuandikie kwenye karatasi ulikuwa unakunywa dawa gani kabla ya kiwanja kuuzwa. Kama ulikuwa na presha, kama ulikuwa ukipumzika mara tatu kupanda kutoka feri, hizo ndizo zilizonunuliwa. La harusi limenitia wasiwasi kuliko maneno yake. Mwanamke wa Mombasa akiacha kwenda harusini amejifungia. Utafiti wa Utah, Marekani, uliona kwamba vifo vya kujiua vilikuwa vingi zaidi kwa waliopasuliwa kuliko kwa wenzao, ingawa ni wachache na wengi huendelea vizuri. Daktari ukimweleza nyayo, mweleze na hilo. Halafu chukua dera moja zuri hapo hapo dukani mwako uvae.

SWALI: Salaam Bi Muuguzi. Mimi ni dereva wa lori, nakaa Mikindani, umri miaka 57. Nilikuwa na sukari miaka minane, mpaka insulini nikichoma. Nikafanyiwa baipasi, na kabla sijatoka hospitali insulini ikapunguzwa, mwezi wa tatu nikaacha dawa zote. Nikaambiwa sukari imepona. Huu ni mwaka wa saba, kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu kimesoma asilimia 7.4 na daktari amenirudishia metformini. Nilitapeliwa?
Dereva, Mikindani

JIBU: Hukutapeliwa, ndugu yangu, ila aliyekwambia imepona aliharakisha. Utah, Marekani, waliwafuatilia watu wa baipasi kwa miaka 12. Miaka miwili baadaye, 75 katika kila 100 waliokuwa na sukari walikuwa nje yake. Miaka sita, 62. Miaka 12, 51. Kwa Waswidi, wenye upasuaji wa zamani, ilishuka kutoka 72 mwaka wa pili mpaka 30 mwaka wa 15. Waliokaa na sukari muda mrefu kabla ya kupasuliwa, na hasa waliokuwa wakichoma insulini, ndio huwarudia zaidi, maana kongosho lilikwisha kuchoka kabla kisu hakijafika. Wewe una sifa zote mbili.

Lakini miaka sita bila sukari haikupotea. Waswidi hao hao waliona madhara ya mishipa midogo, yaani macho, figo na miguu, yamepungua kwa nusu na zaidi kwa waliopasuliwa, ingawa wengi wao sukari iliwarudia. Pima macho kila mwaka, pima mkojo kwa ajili ya figo, na miguu itazame mwenyewe ukivua viatu usiku.

Metformini haina aibu. Yapo mambo mawili tu ambayo huenda hukuambiwa. Waliofanyiwa baipasi vidonge vya kutoa dawa polepole havifyonzwi vizuri kwao, kwa hivyo muulize mwenye duka la dawa kama ulivyopewa ni vya kawaida. Na metformini yenyewe hupunguza B12, juu ya ile ambayo baipasi imekwisha kupunguza. Soma jibu la dada wa Likoni hapo juu, sehemu ya nyayo.

Naongeza ambayo hukuuliza, kwa kuwa wewe wabeba tani nyingi kwenye barabara ya Nairobi. Soda na mkate mtamu kwa mtu wa baipasi vyaweza kupandisha sukari ghafla, kisha saa moja hadi tatu baadaye ikaporomoka: mikono inatetemeka, jasho, macho yanaona kiza. Hapo wewe uko kwenye usukani. Beba mayai ya kuchemsha na njugu, soda waachie utingo. Mgongo ukiuma usinunue ibuprofeni wala diklofenaki, zinatoboa vidonda pale tumbo lilipounganishwa na utumbo; tumia parasetamoli, na sigara nayo ni ya kuacha kwa sababu hiyo hiyo. Pombe, kama wanywa, sasa hupanda damuni haraka kuliko zamani. Chupa uliyokuwa ukiimudu huimudu tena.

SWALI: Nilipasuliwa mwezi wa nne uliopita. Ramadhani hii nifunge?
Binti wa Majengo

JIBU: Madaktari wengi wa upasuaji huu hutaka mtu asifunge angalau mwaka wa kwanza, na kwako bado. Tatizo kubwa si chakula, ni maji. Tumbo lako halipigi bilauri nzima wakati wa futari. Lanywa funda kwa funda, na kati ya futari na daku saa hazitoshi kufidia joto la hapa. Kuna protini pia, huwezi kuibana yote usiku. Dini imempa mgonjwa ruhusa, na masuala ya kulipa au kutoa fidia muulize sheikh wako ukiwa na barua ya daktari mkononi. Mwaka ukitimia na vipimo vikiwa vizuri, rudi kwa daktari tena uzungumze naye kabla ya Shaaban kwisha.

SWALI: Bi Muuguzi, binti yangu ana miaka 26, kilo 117, ana presha. Amechumbiwa, na anataka kwenda kupasuliwa India mwezi ujao ili harusi ya mwisho wa mwaka awe amepungua. Mimi naogopa, babake amekubali. Tumzuie?
Mama wa Tudor

JIBU: Dada yangu, kumzuia sikwambii. Uzito huo na presha katika umri huo si mambo ya urembo, na upasuaji wenyewe, ukifanywa na mikono iliyozoea, hauna hatari kubwa kama watu wa barazani wanavyosimulia. Ninachokiogopa mimi ni kalenda yenu.

Bibi harusi mpya Mombasa, mwezi wa tatu tu mashangazi wanamtazama tumbo. Na mwanamke aliyepungua ghafla mara nyingi hushika mimba kwa urahisi kuliko alivyokuwa, hata yule aliyekuwa siku zake hazieleweki. Hutakiwa asishike mimba kwa mwaka mmoja hadi mwaka na nusu, mpaka uzito utulie, maana mtoto anayekua ndani ya mama anayekonda kwa kasi na asiye na chuma wala foleti anapunjwa. Akifanyiwa baipasi, vidonge vya kupanga uzazi huenda visimlinde vya kutosha. Azungumze na daktari kuhusu njia nyingine kabla ya kuondoka. Mchumba naye aambiwe wazi, yeye mwenyewe, si kupitia mamake.

Miezi ya tatu hadi ya sita nywele hukatika kwa vishungi. Huota tena, lakini kama harusi imeangukia hapo, msusi atakuwa na kazi. Ngozi ya mikono na tumbo huenda ikalegea, na hiyo haitoki kwa mafuta ya nazi.

Muulizeni babake swali moja la fedha: katika hizo alizotenga, za vipimo vya damu na vitamini baada ya kurudi zimo? Na daktari wa hapa atakayemwona mwezi wa tatu, wa sita, mwaka, na kila mwaka baada ya hapo, mmeshampata, amekubali? Arudi na ripoti ya upasuaji imeandikwa ni aina gani na alikatwa nini, si risiti peke yake. Wapo wanaokuja kwetu baada ya miaka na hawajui walifanyiwa nini tumboni. Mkishampata daktari huyo, mpigieni bwana harusi mzungumze tarehe.